Muzungu Nilimukalisha Kwenye Kiti ya Bibi Arusi

Vijana, mukisoma haya mutacheka, na muna haki ya kucheka, juu hata hapa Mangobo, mutaa yetu ya Kisangani, watu wangali wanacheka, nikipita kwenye bomba ya maji ninasikia nyuma yangu mutu anasema polepole "koko wa saki" (koko ni bibi wa wajukuu, saki ni mufuko wa mugongoni), ninageuka na jicho kali na kila mutu anatazama ndoo yake sawa haikuwa yeye. Nina haya. Ninatanguliza kusema nina haya, kiisha nitaeleza namna ilikuwa, juu ile habari inatembea katika muji na kila mutu anaongeza chumvi yake, na chumvi ikizidi heri mupishi mwenyewe aseme alitia nini.

Niko na mujukuu, jina lake Trésor. Nilimulea miye mwenyewe tangu mama yake alipokufa, akakua, akaenda Belgique, na tangu alienda hajarudia hata mara moja. Siku moja anapiga simu.

"Koko, kuko mwanamuke ninataka kumuoa. Anakuja kukuona."

"Na ndege?"

"Hapana, na balenyere, toka Kinshasa. Anapenda kutembea, saki mugongoni, aone inchi."

Nikamuuliza kama huyo mutu ana akili yote (balenyere ni ile mashua kubwa ya mbao, watu wanalala juu ya magunia, mbuzi upande huu, makapo ya samaki upande ule, na injini ikikufa munangojea porini mpaka Mungu akumbuke). Trésor akacheka. Kiisha sauti yake ikageuka.

"Koko, unisikie. Ukimupokea muzuri, nitakuja kuoa nyumbani, mbele yako. Akirudia huku na machozi, basi, tutaoana huku huku, na usiningojee tena."

Miye ni muzee. Ile neno "usiningojee" nililala nayo, nikaamuka nayo.

Sasa kosa yangu, ile ndogo yenye kuzaa zingine zote, ni hii. Telefone yangu ni ya kubonyeza, haijui picha. Photo ya ule mwanamuke Trésor alituma kwa mudogo wangu Alphonse, ananiita yaya, dada yake mukubwa, anaikala Lubunga, ngambo ya mto. Alphonse ananiita: "Yaya, vuka uje uone mukamwana wako." Nivuke mto juu ya photo? Nikamujibu: "Photo ya nini? Mutu anatoka Poto, kule Ulaya, mundele wa ngozi nyeupe hapotei katikati ya watu, hata kipofu atanionyesha." Alphonse akacheka sana, alifikiri ninafanya mizaha (miye, ambaye tangu usichana sikufanya mizaha na mutu).

Balenyere ikakawia. Mara ilipita Bumba, mara haijapita, mara ilikwama kwenye muchanga, kila mutu na yake. Miye sikuweza kuikala. Ninaenda libongo, pale mashua zinaegama, ninarudia, ninafagia parsele, kiwanja ya nyumba, ninatosha rideau za dirisha na kuzirudisha zile zile, ninaenda tena libongo. Béa, binti yangu, tunaishi naye, akanikemea kama ni yeye alinizaa: "Mama, ikala chini, unatuchokesha macho." Nikaikala. Kiisha nikaona buibui kwenye pembe ya salon, nikasimama tena. Na katika ile kuhangaika nikaenda kwa bamama wa kwaya ya paroisse, nikawaambia, siku mutasikia muzungu wetu amefika, mukuje na uniforme mumwimbie. Ndiyo, nilisema "muzungu wetu". Munaona namna nilichimba shimo na mikono yangu miwili.

Siku balenyere ilifika niko pale libongo mbele ya watu wote. Watu wanashuka sawa mchwa, magunia, kuku, bidoni za mafuta, wabebaji wanagombana. Na katikati ninaona kichwa kimoja cha manjano. Binti muzungu, muso mwekundu na jua, viatu hana, amefunga miguu na sandale ya mupira, na saki moja kubwa mbele yake chini. Moyo ukatulia. Nikasukuma watu na viwiko.

Kabla sijamufikia, binti mumoja mweusi akasimama mbele yangu, naye na saki yake mugongoni, suka zimejaa vumbi, amefunga kikwembe (kitenge) ya kuisha rangi juu ya patalo (suruali), ananuka moshi wa samaki. Akainama kidogo na mikono miwili.

"Koko, mbote. Ni miye."

Vijana, hapa Kisangani kila mutu ananiita koko, hata polisi. Nikawaza ni wale wanaotafuta kazi ya kubeba. Sikumutazama muso muzuri, nilikuwa natazama juu ya bega lake, ule muzungu asinipotee.

"Bon, kama ni weye, kamata saki ya mugeni ule, tuende."

Akatabasamu. Akasema, "Ndiyo, koko," akatia saki ya muzungu kifuani, moja mbele moja nyuma, na wale wawili wakasemezana kifaransa kidogo, muzungu akacheka, akanisalimia na kichwa. Nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, na muzungu wangu, ule binti akapanda ingine nyuma yetu na mizigo. Mangobo yote ilituona. Nilinyosha shingo.

Nyumbani nikamukalisha muzungu katika salon, kwenye kiti ya mbele, ile yenye kitambaa, nikafungua fanta. Binti nikamwonyesha nyuma, jikoni. "Kinu iko pale, pondu iko pale, twanga." (Pondu ni majani ya muhogo.) Akasema tena, "Ndiyo, koko," akavua viatu, akaanza. Nikasikia anatwanga, muzuri hata.

Béa akanifuata kwenye mulango. "Mama, ule binti ni wa nani?"

"Wa libongo."

"Lingala yake iko sawa ya mutu mwenye kukula pilipili."

"Weye shugulika na ndizi zako za makemba. Leo kazi yetu ni muzungu."

Na ule muzungu, jina lake Anouk (hilo nilijua nyuma), hakutulia. Anakunywa fanta kidogo, anasimama, anaelekea jikoni. Ninamushika mukono: "Ikala." Anaikala. Majirani wanaingia kumusalimia, anasimama tena, anaonyesha na kidole kule kwenye kinu, anasema maneno ya kifaransa, na miye singoji mutu ayageuze. "Ikala, mwanangu, jikoni kuna moshi." Nikasema moyoni, huyu anapenda kazi, Trésor amechagua muzuri, lakini leo hapana, leo asishike hata kijiko. Mara ya mwisho alisimama nikamukalisha na mabega mawili, akaniangalia sawa mutoto amefungiwa.

Ndipo Alphonse akaingia, ametoka Lubunga na koti yake ya sherehe, matone ya jasho usoni. Akasalimia wote, akamusalimia na muzungu, kiisha akatazama pande zote.

"Yaya, bibi arusi wetu iko wapi?"

"Alphonse, macho yako imekufa? Huyu hapa mbele yako."

"Huyu ni mundele."

"Sasa watu wa Poto ulitaka wawe rangi gani?"

Salon yote ikacheka, walicheka pamoja na miye, mukumbuke hiyo, juu ilikuwa mara ya mwisho. Alphonse hakucheka. Akatosha telefone yake ile kubwa, akagusagusa, akanisogezea. Nikaona Trésor, amenenepa, na kando yake mwanamuke mweusi, suka ndefu, amevaa muzuri, anatabasamu. Ile tabasamu nilikuwa nimeiona asubuhi pale libongo.

"Ni Grâce," Alphonse akasema. "Wazazi wake ni watu wa hapa kwetu, Isangi, alizaliwa kule Belgique. Yaya, si ulijua?"

Na miye, badala ya kunyamaza, mudomo wangu ukakimbia mbele: "Lakini ule wa jikoni ni binti wa kubeba mizigo tu."

Kinu ilikuwa imenyamaza, na hatukusikia. Grâce alikuwa kwenye mulango, amekuja kuuliza chumvi, mikono yote kijani na pondu. Alisikia yote. Akatazama telefone, akanitazama miye, akatazama Anouk kwenye kiti yenye kitambaa. Hakulia. Nilitamani alie.

Mutanielewa mukijua hii, Grâce alimweleza Béa nyuma: mama yake, kule Belgique, alimwambia, ukifika kwa ule koko fanya yote atasema, hapana kubisha, hapana kusema mingi. Anouk alikuwa rafiki yake wa mashua tu. Donc aliponiona ninamukalisha Anouk katika salon na yeye ninamutuma jikoni, alifurahi. Alisema moyoni, mugeni anawekwa kwenye kiti, mutoto wa nyumba anatumwa kwenye kinu, basi koko amenipokea, nimefika. Alitwanga ile pondu na furaha. Na sasa anasikia hakuna mutu alimupokea.

Akanawa mikono. Akavaa viatu. Akasema, "Asante, koko," na hakuwa amekula kitu, akabeba saki yake, akatoka.

Watu wa salon wakanitazama. Miye ninajua kuamuru, kuomba sijajifunza. Nikatoka nyuma yake bila sandale miguuni, nikamukuta kwenye barabara, saki ameweka chini, anasemezana na motard, mwenye pikipiki. Nikamwambia, "Rudia nyumbani." Akasema, "Hapana, koko." Katika maisha yangu yote nani aliniambia hapana? Nikaona saki. Nikasema, "Bon. Saki hii inarudia nyumbani, na mwenyewe atafuata," nikaingiza mukono mumoja, nikaingiza wa pili, na kile kifungo cha plastiki mbele ya kifua nikakifunga kabisa asininyanganye.

Ile saki alitia nini, mawe ya maporomoko ya Wagenia? Nikapiga hatua, ikanivuta nyuma. Nikainama mbele, ikapanda mpaka kwenye kisogo ikanisukuma, nikaanguka na magoti, kiisha na ubavu, kiisha nikageuka juu chini sawa kobe, miguu inatafuta hewa, kikwembe ninakishika na mukono mumoja. Kifungo kinakataa. Mwenye kinga ya toleka akasimamisha ile baiskeli yake na abiria juu.

"Koko, safari ya wapi?"

"Anaenda Poto," mwingine akasema. "Koko, aeroport iko upande ule."

"Muache, anangoja visa."

Na katika ile saa, kwenye pembe ya avenue, bamama wa kwaya wakatokea, uniforme ya bluu, wanaimba na kupiga mikono, wamekuja kupokea muzungu wetu. Wakafika mbele yangu. Wimbo ukafa mumoja mumoja, wa mwisho kunyamaza alikuwa yule mwenye sauti ya juu, alikuwa amefunga macho.

Grâce akachutama kando yangu. Akatia kidole kwenye kifungo, na hakufungua.

"Nitafungua, koko. Kwanza unijibu. Pale libongo nilikusalimia. Nilisema ni miye. Ulifikiri miye ni nani?"

Ningeweza kusema macho ya uzee. Alphonse alikuwa pale, Anouk pale amejifunika mudomo, kwaya yote pale.

"Sikufikiri mutu," nikasema. "Nilikuwa natafuta ngozi nyeupe. Weye ulikuwa unanizuia kuona."

Kiisha akasema, polepole, Lingala yake ile ya pilipili: "Kule kwetu kila siku wananiuliza nimetoka wapi. Kwenye mashua wote waliniita mundele, juu ya namna ninatembea. Mama mumoja alinipa kikwembe hiki, mwingine aliniibia pesa ya chakula. Nikasema si kitu, ninaenda kwa koko. Koko atanijua."

"Sikukujua," nikasema. "Unisamehe. Ninaomba, mbele ya hawa wote, na miye niko chini."

Akafungua kifungo. Nikangoja aseme ninakuja au ninaenda, na alikuwa bado na mukono juu ya saki wakati Béa alitokea mbio kwenye kiingilio: "Jamani, pondu inaungua." Grâce akageuza kichwa. "Nilisahau kupunguza moto," akasema, akaingia parsele mbio. Saki akaniachia barabarani. Alphonse akataka kuibeba, nikamukataza. Niliivuta miye mwenyewe, chini, sawa mbuzi mubishi, na kwaya ikaona heri kuimba, wakaniimbia miye.

Tulikula pondu yenye kunuka moto kidogo na kila mutu alimaliza sahani yake. Anouk alikula ameikala juu ya kinu, amekataa kiti. Wakatueleza safari yao, Béa anageuza maneno: mvua iliwapiga bila kifuniko, viatu vya Anouk viliibiwa wakati analala, wakubwa wa makaratasi waliwashusha kila kituo, na asubuhi zingine mto ulikuwa mweupe na ukungu na wavuvi waliwatupia samaki bure, na hawakutaka kufika. Walicheka ile yote, mabaya na mazuri, sawa ni kitu kimoja.

Jioni Trésor akapiga simu kwa Alphonse, akaomba Grâce. Grâce akatoka na telefone nje. Akakawia. Nilifagia parsele ambayo Béa alikuwa amekwisha kufagia, nikageuza ndoo, nikaigeuza tena. Alphonse akasema, "Yaya, ikala," na sikuikala. Mwisho Grâce akaingia, muso wake haukunionyesha kitu, akanipa telefone.

"Koko," Trésor akasema. "Ile saki ilikuwa nzito?"

"Nzito sana, mwanangu."

"Muzuri. Nikija kuoa nitaleta ingine, uzoee."

Nikamurudishia Grâce telefone juu macho yangu ilikuwa na kazi. Kiisha nikaita watu wangu wote katika salon, Béa, watoto wake, hata Alphonse ambaye si wa nyumba, nikasimama, nikawaambia: toka leo mutu yeyote akiingia kwa hii mulango, mumuulize jina mbele ya kumupa kiti na mbele ya kumupa kazi, na kama ni miye nimemuleta, mumuulize mara mbili.