Pikipiki ya Marehemu Imesingiziwa

Mtu akishafariki hawezi kujibu, ndiyo maana kumsingizia ni rahisi. Hilo ndilo lililomchemsha damu jirani yangu, mshonaji tunayemwita Sindano. Nikishawasimulia mtaona kwamba alikuwa na haki ya kuchemka.

Baba yao, yeye na kaka yake, aliacha pikipiki ya zamani, yenye tangi la duara na taa kubwa kama sufuria. Mzee aliipanda kwenda kazini maisha yake yote na haikumwangusha. Alipofariki, kaka mtu akaipeleka kwa fundi wa kona ipakwe rangi. Ikarudi inang'aa kama bibi harusi. Kaka akaiwasha, akakata kushoto pale getini, na injini ikanguruma yenyewe kama iliyotukanwa, ikamtupa kwenye ua wa miiba. Alitoka humo na kiatu kimoja.

"Hii si pikipiki, ni jeneza lenye magurudumu!" akafoka. "Baba alikuwa anatuficha ubovu wake. Jumamosi mtu wa vyuma chakavu anakuja kuibeba."

"Baba afiche ubovu?" Sindano akamgeukia, futi ya kupimia ingali shingoni. "Baba huyuhuyu aliyekuwa akisugua spoku kwa mswaki?"

"Dada yangu, chuma kimezeeka. Kubali."

"Na wewe umezeeka, mbona hatukupakii kwenye mkokoteni?"

Mimi nilikuwa kibarazani nachambua maharage. Nilicheka hadi yakamwagika.

Sindano hakuwahi kushika spana. Kwa adabu zote akaenda kumuuliza fundi. Fundi hata uso hakuinua. "Mama, pikipiki za wazee zina vichaa vyake. Wewe rudi kwenye cherehani."

Akarudi anafoka. "Eti nirudi kwenye cherehani! Ameharibu mwenyewe, halafu kichaa ni cha baba!"

"Umejuaje ameharibu yeye?" nikamuuliza.

"Sijajua bado. Nitajua."

Akaisimamisha uani, akaiwasha, akageuza usukani kushoto bila kugusa mkono wa mafuta, ule unaozungushwa kuongeza mwendo. Ikanguruma. Akaurudisha katikati, ikatulia. Akapiga magoti kuchungulia. Kebo ya mafuta, waya unaovutwa na mkono huo, hutoka upande wa kulia wa usukani kwenda kwenye injini, chini ya tangi. Ukutani ndani ya nyumba kulikuwa na picha ya mzee amekaa juu ya pikipiki hiyohiyo, na katika picha kebo ilizunguka mbele ya shingo ya usukani kwa tao kubwa, ndipo ikaingia chini ya tangi upande wa pili. Fundi alipolirudisha tangi baada ya rangi, aliipitisha njia ya mkato, kulekule kulia, imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Usukani ukienda kushoto, kebo inavutwa na mafuta yanafunguka.

"Ona!" akanivuta mkono. "Ona uvivu wa mtu mzima! Na marehemu ndiye anayetukanwa!"

Akalifungua tangi akaliweka kando, akaichomoa kebo, akaipitisha kama ilivyokuwa pichani. Lakini mshonaji ni mshonaji. Kitu kinachoning'inia kinamkera. Tao lile likaonekana kwake kama pindo lililofumuka. Akalivuta likanyooka, akaifunga kebo kwenye chuma kwa vifungio vya plastiki, kimoja baada ya kingine, karibu karibu kama mishono. Ikapendeza kweli. Akaiwasha: kimya kama paka aliyeshiba. Akamwita kaka yake kwa mbwembwe.

Kaka akaja, akakata kushoto. Ikanguruma. Akakata kulia. Ikanguruma tena!

"Hongera, dada," akasema, anajizuia kucheka. "Zamani ilikuwa na kichaa upande mmoja."

Sindano aliingia ndani akafunga mlango kwa kishindo, na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Asubuhi mwalimu mmoja alikuja kujaribu shati. Sindano akamwambia lile neno analomwambia kila mteja: "Inua mkono juu." Maana mkono wa shati haupimwi mtu akiwa amesimama wima kama mlingoti, ukipima hivyo, akipunga tu, kwapa linachanika. Mwalimu akainua mkono. Sindano akaangusha pini.

"Nimeupima umesimama!" akapiga kelele. "Usukani! Nimeupima umesimama!"

Akamwacha mwalimu na shati la mkono mmoja, akatoka na mkasi. Akakata vifungio vyote. Akageuza usukani kushoto hadi ukagota, akaipa kebo urefu inaoutaka. Akageuza kulia, akatazama isibanwe. Akafunga sehemu zile tu ambazo hazisogei. Tao la mzee likarudi, limelegea, halipendezi hata kidogo.

Alikuwa akifuta mikono, mtu wa vyuma chakavu alipoingia getini na mkokoteni wake, kaka akimtangulia.

"Shika usukani," Sindano akamwamuru kaka yake, akiiwasha.

"Dada, huyu mtu ana haraka."

"Shika!"

Akashika kwa ncha za vidole, mguu mmoja tayari kukimbia. Kushoto: kimya. Kulia: kimya. Akarudia kwa nguvu, kushoto kabisa, kulia kabisa. Injini iliendelea kunong'ona vilevile.

"Kumbe… labda ni fundi," akasema.

"Labda?"

"Ni fundi."

"Na baba ulimwitaje?"

Kaka akatazama viatu vyake. "Nilisema anaficha ubovu."

"Mbele ya mtaa mzima. Basi lirudishe neno lako mbele ya mtaa mzima, kwa sauti hiyohiyo."

Akasema. Kwanza chini chini, Sindano akakataa, mara ya pili hata mwalimu alisikia, amesimama mlangoni na mkono mmoja mtupu: "Baba hakuficha kitu! Tulimsingizia!"

Mtu wa mkokoteni akakuna kichwa. "Sasa mimi narudi mikono mitupu?"

"Hapana," Sindano akamjibu, anapanda pikipiki. "Pitia kwa fundi wa kona ukabebe spana zake. Natangulia kumwambia unakuja."

Getini akakata kushoto, polepole, kandokando ya ua uleule wa miiba, na wala haukuguswa.