Nesi Eufrasia na Kalamu Yangu

Eufrasia alikuwa nesi wa zahanati yetu, jirani na Mugango, na mimi nilikuwa karani wa kuandika wagonjwa. Alikuwa mkali. Mama aliyechelewesha mtoto kliniki alisemwa mbele ya foleni mpaka akome.

Mwaka 1984 kila kitu kilikuwa haba. Tulibaki na sindano tatu, tukizichemsha kwenye jiko la mkaa na kuzitumia tena. Siku moja Pelagia alimleta mwanawe Ryoba, miaka mitatu, anachemka kwa malaria. Mtoto akarusha miguu, mama akashindwa kumshika sawasawa, nyuma yao watu hamsini wanangoja. Eufrasia akamdunga kwinini katikati ya tako badala ya juu, upande wa nje. Homa ilishuka. Mguu wa kulia ukalala, haukuamka tena.

Mganga wetu mkuu, Nathanieli, aliutazama mguu na kusema sindano imegusa mshipa wa fahamu. Kisha akanigeukia.

"Andika polio."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, nani angebisha?

Lakini kijiji hakikusoma daftari letu. Watu walikumbuka tu kwamba asubuhi ile Wankyo, bibi mjane asiye na mtoto, alimpa Ryoba kiazi. Basi, kamroga. Kuku wake wakapigwa mawe, kisha mlango wake. Ukaitishwa mkutano wa kumfukuza kijijini.

Eufrasia alimwendea Nathanieli kwanza.

"Daktari, nitasema."

"Utafukuzwa kazi, na mimi nyuma yako. Huna watoto wewe?"

"Ninao. Na yule bibi ana nyumba moja tu."

Mkutanoni alisimama na sare yake, hakuzunguka. "Mguu wa Ryoba niliuharibu mimi. Nilidunga pabaya. Daftarini imeandikwa polio, si kweli. Bibi Wankyo hana kosa."

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliona aibu, nikainama nifunge kamba za viatu.

Pelagia alimfuata mpaka usoni. "Ulikuwaga unatusema sisi, sista! Kumbe ni wewe!" Akatema mate chini, akaondoka.

Wankyo alibaki kwake. Nathanieli alihamishiwa wilaya nyingine, Eufrasia akasimamishwa kazi miezi sita. Miezi yote hiyo alikwenda kwa Pelagia kila asubuhi kumnyoosha Ryoba mguu. Hakuwahi kupewa kiti. Mtoto alianza kutembea, akichechemea.

Aliporudi kazini alikuja na utaratibu wake. Hakumdunga mtoto yeyote kabla ya kuazima kalamu yangu, kuchora msalaba wa kuligawa tako mafungu manne, na kumwonyesha mama sindano itaingia wapi. Wengine walimcheka, hakujali.

Mwaka 1987 Pelagia aliingia na mtoto mwingine mgongoni, ana homa. Zamu ilikuwa ya nesi mgeni. Pelagia akakataa, akakaa kwenye benchi saa mbili nzima mpaka Eufrasia alipofika. Ndipo akamlaza mtoto mapajani.

"Chora, sista. Nione."

Eufrasia akachukua kalamu yangu. Akachora, akafuta, akachora tena. Pelagia alitazama kwa makini, kisha akamshika mtoto miguu yote miwili.

"Haya. Safari hii namshika vizuri."

Eufrasia aliponirudishia kalamu, nilikwenda kabatini nikatoa daftari la mwaka 1984. Nililikata neno polio, nikaandika sindano, na chini yake jina langu.