Kidonda cha Chumvi

Mdogo wangu ni mchinjaji wa ng'ombe, na kwa ukaidi hana mpinzani. Pale machinjioni, aliyejikata hujitia chumvi ya kuhifadhia ngozi, anauma meno, kazi inaendelea. Ukifunga bandeji unachekwa mpaka uitoe. Mchuna ngozi mmoja tu ndiye aliyegoma kuitoa, wakambandika, mwanamume mzima, jina la Bibi Harusi.

Kulabu ilipomchoma mdogo wangu mguuni hadi mfupani, naye akatia chumvi. Kidonda kikawa kinafunga na kufumuka, miaka nenda miaka rudi. Bibi Harusi akamwambia, "Kaka, mguu huo unanuka. Nenda hospitali." Akajibiwa kwa ngumi iliyomng'oa jino la mbele, kisha mateke ya mbavu akiwa chini. Mimi dada mtu nikaambiwa nisiingilie mambo ya wanaume. Upuuzi mtupu.

Siku fahali alipokata kamba, mdogo wangu hakuwa na nguvu hata za kumkwepa. Alikanyagwa mguu uleule, mfupa ukatoka nje. Tulimfikisha hospitali midomo imekuwa myeupe.

Daktari akanieleza, "Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli mama zinazozaa damu. Nyingi hulala, zikiamka kwa zamu. Kidonda kinachowaka kila siku kinaziamsha zizae askari tu, yaani chembe nyeupe, na chembe nyekundu zinasahaulika. Zake zimechoka. Tukikata mguu huenda zikapumzika, lakini bila kuongezewa damu atafia mezani."

Damu yangu haikuendana na yake. Nikaenda machinjioni, nikawaleta wenzake wote. Nesi akawaambia wakunje suruali. Lahaula, kila mguu na kidonda chake cha chumvi, kinatoa usaha. Akawakataa mmoja mmoja, nami nikawatukana hadi getini.

Kwenye benchi akabaki Bibi Harusi, ngozi safi. Alipopimwa, damu ikaendana.

"Unajua unampa nani?" nikamuuliza.

"Najua, dada. Kila nikila nyama namkumbuka." Akanyoosha mkono.

Mdogo wangu alipozinduka, akapapasa mguu, akaukosa, akamrushia nesi bilauri. Nilimzaba kofi palepale kitandani, nikamwambia ni damu ya nani iliyo mwilini mwake. Akageukia ukutani, akalia kwa kwikwi.

"Mwite aje," akasema baadaye.

"Aje wapi? Utamfuata mwenyewe, kwa magongo."