Bunduki Iliyobadilishiwa Historia

Jumamosi nilikwenda kuchukua redio yangu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Landless, Thika, ambaye pia ana mashine ya gemu. Makanika mmoja, mtu mzima, alisimama mbele ya televisheni kwa hasira, daftari mkononi. Wachezaji wageni humwuliza yeye kabla ya kucheza, kwa kuwa ameandika humo kila silaha ya mchezo wa vita vya angani unaochezwa hapo na aliyeitengeneza.

“Sehemu ya kwanza na ya pili, bunduki ya Tavrek ilitengenezwa na wachimba migodi wa mwezini,” alisema. “Leo sehemu ya tatu inasema ilitengenezwa na jeshi! Na begi ya silaha nane sasa inabeba mbili!”

“Daftari yako imezeeka, buda,” kijana mmoja alicheka. “Hii ni gemu tu.”

“Gemu tu? Wale wachimba migodi waliifia hiyo bunduki!”

Hata mimi nilikasirika. Begi, watengenezaji wa gemu walipunguze wakitaka, ni lao. Lakini kumnyang’anya mtu kazi ya mikono yake, hata mtu wa kubuniwa, ni wizi.

Makanika aliyanakili maelezo mapya daftarini, kisha akaandika chini yake: “Si kweli.” Nilimwomba kalamu, nikatia sahihi kama shahidi.