Maji Yaliyosimama

Mke wangu aliamka asubuhi moja akiwa na neno moja tu kinywani. Nilikuwa nimerudi kutoka msikitini, nimekaa ukumbini nangoja chai, nikamsikia jikoni anasema, "Chumvi." Nikampelekea chumvi. Akaitazama, akaisukuma kando, akanikazia macho na kusema tena, "Chumvi, chumvi." Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na mwiko ulikuwa sakafuni. Alikuwa na jambo la kuniambia, na mimi niliyeishi naye tangu ujana wetu, ninayejua maana ya hata kikohozi chake, sikulielewa.

Hospitali ya kwanza walimpiga picha ya kichwa, ile ya haraka. Daktari wa zamu akasema haionyeshi kitu, akatupa dawa za presha, tukarudi nyumbani Mji Mkongwe. Kauli ile ya "haionyeshi kitu" ndiyo iliyoniponza. Kabla ya Adhuhuri ilikuwa imeshafika Kikwajuni kwa shemegi yangu, kaka yake mke wangu.

Shemegi yangu ni mtu wa hirizi. Huzishona mwenyewe, kitambaa cheusi kwa uzi mwekundu, mishono ikipandana kama ukili wa mkeka, na mji mzima unaujua mkono wake. Watu humwendea kwa homa za watoto, kwa kesi, kwa mapenzi. Mimi hajapata kunipenda. Alitaka dada yake aolewe na tajiri wa duka, akaolewa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na jambo hilo hakulisahau hata tulipoota mvi sote watatu.

Alikuja jioni ile na chetezo cha ubani. "Maalim, nipishe nimsomee dada yangu," alisema. "Wewe kaa nje." Nikatoka, maana kaka ana haki yake. Alipomaliza hakuniaga. Alisimama barazani kwetu, walipokuwa wazee wenzangu wanakunywa kahawa, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekwisha kuingia ndani niliisikia vizuri.

"Hospitali wameangalia, kichwa kizima. Basi nani kamfunga mdomo? Nani analala naye? Mtu akitaka mke wa pili, wa kwanza humfunga asiseme."

Watu niliosali nao safu moja miaka yote hiyo walitazama vikombe vyao, na mmoja akaomba aongezwe kahawa.

Akaweka na siku. Ijumaa baada ya Alasiri angekuja na wazee wa ukoo wao kutoka Mkokotoni. Mimi nitoe talaka, yeye amchukue dada yake shamba akafunguliwe kwa ngoma na moshi. "Na kama nnasema uongo," alimalizia, "basi Maalim atuonyeshe huo ugonjwa uko wapi."

Nikasema moyoni, inshallah utaonyeshwa. Siku hizo sikuomba subira katika dua zangu. Subira ninayo, Mola alinipa zamani na namshukuru. Niliomba ushahidi.

Ushahidi ulikuja kwa mkono wa binti mmoja, daktari katika hospitali nyingine, ambaye kazi yake ni kuyachunguza maradhi ya ubongo kwa mashine ya MRI. Alimsikiliza mke wangu akitaja chumvi, akampima mikono, kisha akanigeukia.

"Maalim, ile picha ya kwanza haikukosea. Kiharusi kikiwa kipya mara nyingi haikioni. Mimi nna picha nyengine. Hiyo haitazami nyama ya ubongo, inatazama maji."

"Maji gani tena kichwani?"

"Ubongo umejaa maji, na hayatulii. Yanatembea mwendo mdogo mno, na mashine inaufuata. Damu ikikatika mahali, chembe za mahali hapo huvimba, maji yakakosa pa kupita, yakasimama. Yaliposimama, picha inawaka nyeupe."

"Kama njia ya soko la Darajani mkesha wa Idi," nikasema.

Akacheka. "Kama hivyo hasa. Lakini huo weupe haukai, Maalim. Huwaka siku chache, kisha hufifia. Mkichelewa tutaona kovu tu, na hatutajua kama ni la juzi au la zamani."

Nikaielewa hatari. Mke wangu akienda Mkokotoni kwenye moshi, akirudi hapatakuwa na cha kuonyesha, na shemegi atakuwa msemakweli mpaka siku ya kiama. Nikaomba tupigiwe picha kabla ya Ijumaa.

Alhamisi tulikuwa pale. Fundi wa mashine, mwanamume mwenye adabu zake, alinieleza kwamba ndani kuna sumaku kubwa, hivyo bibi avue kila chenye chuma, na kilemba pia. Nilimvua bangili, herini na kipini cha pua kwa mkono wangu. Kilemba nilikataa.

"Nywele za mke wangu haziangaliwi na mwanamume," nilimwambia. "Wallahi, hana kitu."

Kwa watu wengine angeshikilia. Kwetu sisi mtu akiona kanzu, mvi, na mzee ameshatamka wallahi, hustahi. Akanistahi. Akampa mke wangu mpira mdogo aushike kwa mkono wa kushoto, ule mzima, aubonyeze akipata taabu, na mlango ukafungwa.

Mashine ilianza kugonga kama mafundi wanaoezeka bati. Haikugonga sana. Mke wangu alibonyeza mpira, wakamtoa, naye ameshika nyuma ya sikio la kushoto, machozi yanamtoka, anasema chumvi, chumvi, chumvi. Daktari akatazama kipande cha picha kilichokwisha kupatikana. Upande wa kushoto ulikuwa umepinda na kuzama katika weusi, kama karatasi iliyomwagikiwa wino.

"Kuna chuma," alisema. "Na kiko palepale upande wa maneno. Picha ya maji haivumilii hata kipande kidogo."

Akawatoa wanaume, nikabaki mimi. Akamfungua kilemba, akapitisha vidole katika misuko, akatoa kitu kisichozidi kokwa ya tende. Kitambaa cheusi, uzi mwekundu. Alikikata pembeni kwa mkasi, na ndani ikaonekana sindano iliyovunjwa.

"Sumaku ilikuwa inaivuta," alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Ingeweza kumchoma vibaya. Nani kamfunga hii?"

"Mtu anayempenda sana," nikamjibu.

Niliiviringisha katika kitambaa cha mkononi, nikaitia mfuko wa kanzu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya chumvi nikahisi njaa.

Akarudishwa mashineni. Safari hii picha ilitoka safi. Upande wa kushoto palikuwa na doa jeupe, linang'aa, ukubwa wa punje ya kunde. Nililitazama kama mtu anavyotazama mwezi wa Idi. Kisha daktari akanionyesha picha nyingine, nyuzi za rangi zikipita huku na huku. Akasema hizo ni njia ndani ya ubongo, zimefuatwa kwa mwendo wa maji hayohayo.

"Hii imekatika. Hii ya chini imesalimika. Maneno anayo, Maalim, njia ya kutokea ndiyo iliyoharibika. Anataka mazoezi na mtu wa kuzungumza naye kila siku. Na asiharakishwe."

"Naomba ile yenye doa mniandalie kubwa," nikasema. "Ya kutundika."

"Watu hawatundiki picha hizi."

"Mimi ntaitundika."

Ijumaa waliingia baada ya Alasiri, shemegi yangu mbele na wazee wa Mkokotoni nyuma yake. Niliwapokea kwa haluwa na kahawa, na nikawaita wazee wa barazani nao waingie, wote waliokuwapo siku ile. Picha nilikuwa nimeitundika kwenye dirisha la magharibi. Jua liliipiga kwa nyuma, doa likawaka.

"Hiki ndicho kichwa cha mwanetu?" aliuliza mzee mmoja wa Mkokotoni.

"Ndicho."

"Na hicho cheupe?"

"Maji yaliyosimama. Damu ilikatika hapo, ni kiharusi. Ndipo yalipo maneno yake."

Shemegi akatabasamu. "Mashine husema anachotaka mwenye kulipia."

Nikakifungua kitambaa, nikaiweka hirizi kwenye kisahani cha kahawa, katikati ya mkeka. "Na hii? Ilikuwa ndani ya nywele zake. Ilimvuta kichwa mle ndani mpaka akalia, na nusura itunyime picha."

"Siijui," alisema. "Labda umeiweka mwenyewe."

"Vyema. Basi tusome Halbadiri."

Wazee wakaweka vikombe chini. Halbadiri ni kisomo cha kumwapiza mdhalimu, na watu wetu hukiogopa kuliko mahakama. Miaka yote ya ualimu nilikuwa nimewakataza watu kukikimbilia.

"Tumwombe Mungu," nikasema, "aliyeifunga sindano hii afungwe ulimi wake kama ulivyofungwa wa mwanamke huyu. Na kila aliyemo humu aitikie amin."

Nikainua mikono. Wote wakainua, isipokuwa yeye. Nikangoja. Nimewangojea watoto wazito waikumbuke alifu, kungoja nakujua. Wakati huo mzee mmoja wa Mkokotoni aliivuta hirizi karibu, akaitazama, akapandisha mkono wa kanzu na kuulaza mkono wake kando ya kisahani. Alikuwa na hirizi yake. Kitambaa kile, uzi ule, mishono ileile.

"Yakhe," alimwambia shemegi yangu, "mimi hii ulinipa kwa ajili ya mgongo. Mgongo wenyewe ungali unauma."

Shemegi yangu akasema taratibu, "Teremsha mikono, Maalim. Nimekosa. Nnaomba radhi."

"Kwanza utasema barazani, palepale ulipoyasemea yale."

Tulitoka sote. Akasema kwamba alinizulia, na kwamba sindano ni yake, aliifunga jioni ile ya ubani. Alisema chini chini, nikamwomba arudie, maana wazee hawa masikio yao yamechoka. Akarudia. Nilimtazama yule aliyeomba kahawa siku ile, akainamisha kichwa.

"Sasa nisamehe," shemegi alisema.

"Mimi hukunifunga sindano. Mwenye radhi ni yeye. Siku atakayokwambia kwa kinywa chake kwamba amekusamehe, na mimi ntakusamehe siku hiyohiyo."

Wazee wakasema hiyo ni haki. Ilikuwa haki kweli, na mke wangu hakuwa na neno jingine ila chumvi. Niliyajua yote mawili nilipokuwa natamka.

Tangu hapo huja kila Ijumaa na kikapu cha samaki wa Mkokotoni. Hukaa juu ya mkeka mbele ya dada yake na kumwomba radhi. Naye humtazama, midomo ikahangaika, kisha husema, "Chumvi." Mimi humtilia kahawa.

Siku nyingine zote tunafanya mazoezi, mimi na yeye, kama nilivyowafundisha watoto, herufi kwa herufi. Limekuja "chai." Limekuja "mlango." Jina langu lilikuja baada ya "paka," na sikulalamika, nilisujudu.

Juzi nilimpelekea dawa, nikajikwaa, maji yakammwagikia mapajani. "Nisamehe, mama," nikasema kwa mazoea.

"Nimekusamehe," akajibu.

Neno zima, halina kasoro hata ya irabu. Nikaiweka sinia chini. Nikamwomba alirudie, akalirudia, kisha akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga na kucheka.

Ijumaa shemegi yangu akaja na samaki changu wakubwa. Amekonda, na wateja wake wa hirizi wamepungua. Akakaa mkekani, akasema maneno yake yaleyale. Mke wangu akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Chumvi," alisema.

Shemegi akashusha pumzi, akachukua kikapu kitupu. "Haya. Ijumaa, inshallah."

"Inshallah," nikamwitikia, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Niliporudi mke wangu alikuwa anawageuzageuza samaki kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa umelegea. Chuoni bado nawasomesha watoto kwamba kisasi ni haki na kusamehe ni bora. Yeye hajafika kwenye nusu ya pili ya somo hilo, na daktari amekataza asiharakishwe.