Mama Dobi na Kitabu cha Fuvu

Shuleni kwetu kililetwa kitabu cha kutuonya kuhusu dawa za kulevya. Jaladani palichorwa fuvu lililovaa miwani ya jua, sigara imebanwa kwenye meno. Sijui mchoraji alidhani anamtisha nani. Sisi wanafunzi fuvu hilo tuliliona tanashati kweli kweli. Ndani kulikuwa na habari za kijana aliyevuta bangi Jumatatu, Jumatano akahamia kwenye unga, na kufika ukurasa wa mwisho akawa maiti mtaroni, hata wa kumfunika shuka hakuna. Nusu ya wazazi walitaka kitabu kichomwe moto, eti kinafundisha watoto kusokota bangi. Nusu nyingine walitaka kisomwe kila asubuhi mstarini. Wakatukanana kikao kizima. Mwalimu mkuu, kwa busara zake, akakifungia kabatini. Basi tena! Wiki haikuisha, shule nzima tulikuwa tumekisoma, hadi wale ambao hawakuwahi kumaliza kitabu chochote maishani.

Nakala ya nyumbani kwetu aliileta baba mdogo. Baba alikuwa ameshafariki, na mdogo wake akarithi kazi ya kutushauri, maana ushauri ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Akamkabidhi mama kwa mikono miwili. "Shemeji, kisomeni wote humu ndani. Dunia imeharibika."

Mama alikuwa dobi. Sebule yetu ndiyo ilikuwa duka: meza iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, pasi mbili, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na harufu ya wanga mpaka kwenye chai. Udobi una sheria yake. Nguo haiingii kwenye beseni kabla mifuko haijageuzwa nje, na kinachotoka humo kinatiwa kwenye kopo la mwenyewe na kurudishwa bila swali. Mama alijua nani anaandikiwa barua na nani, na mchungaji gani anatembea na tiketi za kamari. Hakusema hata siku moja. "Dobi mwenye mdomo," alikuwa akituambia, "atabaki kufua chupi zake mwenyewe."

Macho yake hayakuwezana na maandishi madogo, kwa hiyo mimi binti yake nilimsomea huku yeye akipiga pasi. Tukafika penye dalili: mtumiaji ana macho mekundu, ananuka, nguo zake chafu. Mama akaweka pasi chini. "Hebu rudia hapo pa nguo chafu."

Tangu siku hiyo ile sheria ya mifuko ikavunjika. Mama alinusa mfuko wa kila mtu mtaani kama paka anayetafuta samaki. Kwenye suruali ya mwalimu wa hesabu akakuta unga mweupe umefungwa kwenye karatasi. Salale! Hakumngoja mwenyewe, akaupeleka moja kwa moja kwa mkewe. Kumbe ni dawa ya fangasi wa miguu, na mwalimu alikuwa akimficha mkewe. Mtaa mzima ukajua. Mwalimu akahamishia nguo zake kwa dobi mwingine, na wateja wengine wakamfuata. Hata hivyo mama hakukoma.

Kipindi hicho hicho kaka yangu alianza kujifulia. Tulimwita Mlimbwende, kwa vile alivyopenda kujipanga mbele ya kioo. Anafua mwenyewe, anaanika mwenyewe, anapiga pasi mwenyewe mpaka suruali inakata mkate. Na mama alivyotamba! "Nani ana mtoto wa kiume kama wangu? Ananionea huruma mgongo!" Mteja akileta shuka moja, anapewa hadithi nzima. Kitabu kilisema tutafute mchafu, na kaka ndiye kijana msafi kuliko wote mtaani. Kwa hiyo mifuko ambayo mama hakuitia mkono ilikuwa ya mwanawe tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wao hawakuwa na mtoto anayejifulia.

Tulikuja kujua siku suti ya bwana harusi ilipopotea dukani, mlango haujavunjwa, harusi ni kesho kutwa. Maskini akaoa na suti ya mjomba wake, suruali imeishia juu ya vifundo. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama hakucheka. Alikwenda kumvuta kaka kitandani, akampandisha mikono ya lile shati lake jeupe pe, akaona mishipa ilivyochomwa sindano. Akakaa sakafuni.

Yaliyofuata ni miaka ya kuapa na kuiba. Kaka anapelekwa kwenye nyumba ya matibabu, anaruka ukuta. Anarudi analia, anaondoka na redio. Mwishowe akaokotwa hoi akalazwa hospitali. Muuguzi akatuambia nafasi ya kurudi nyumba ya matibabu ipo, ila ndugu aje amchukue leo, la sivyo anaruhusiwa, arudi barabarani alikotoka.

Baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo mchana ule ule. Akaja na kile kitabu kwapani, akakifungua mwisho. "Shemeji, imeandikwa hapa. Hawa watu hawaponi. Tusipoteze nguvu, tujiandae kwa msiba." Shangazi akasema maturubai tumwachie yeye. Binamu akauliza gari la mwili litatoka wapi. Yaani mtu anapumua, watu washagawana kazi za mazishi!

Mama alikuwa mezani akipiga pasi, maana kwake kikao hakikuwahi kusimamisha kazi.

"Huyo aliyeandika ana mtoto?" akauliza.

"Sasa hilo mimi nitalijuaje, shemeji?"

"Mimi najua. Hana. Kijana wa kitabuni alipomchosha, akamuua kwa kalamu, akaenda zake kulala. Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Mimi sijachoka."

Akavuta kanga yake begani. Akaniambia nimalizie shati la mchungaji na nisiunguze kola. Akatoka kwenda hospitali, akawaacha na maturubai yao.

Msidhani kaka alipona papo hapo. Aliruka ukuta safari hiyo pia. Mama akamtafuta vichochoroni, akampata, akamrudisha, akaruka, akamrudisha. Miguu ya mama ilivimba. Mimi nilimchukia kaka wakati ule, sitaficha, kwa jinsi alivyokuwa akimmaliza mama yetu.

Halafu kukawa na Jumapili moja tulipokwenda kumtembelea. Mama alivaa raba kabisa, za kukimbilia, maana alijua hatamkuta. Tukamkuta amekaa kwenye benchi karibu na geti, na geti liko wazi.

"Mbona hujakimbia?" mama akamuuliza.

"Nimechoka, mama."

Mama akamtusi tusi moja zito la kumgusa hadi babu yake, kisha akakaa kando yake pale benchini na kulia kwa sauti, watu wote wakitutazama.