Mtoto amekubali jina

Wamama wenzangu, leo nimetetemeka kama mtu ako na malaria!

Nyinyi wa hii group ndio mnajua mtoto wangu ni wa mbegu tulipewa kliniki, ya mwanaume hatumjui. Hapa Noonkopir sina wa kuambia. Hata bwanangu, tangu nijifungue, hataki hiyo story.

Sasa leo mama mkwe amekuja kutoka Bungoma kupatia mtoto jina. Kwao mtoto akilia, wanamwitia majina ya wazee wao waliokufa. Jina likimfaa, ananyamaza.

Mtoto akaanza kulia. Mama akaita jina la kwanza. Kelele. La pili. Kelele zaidi!

"Huyu anachagua sana kama mamake," mama akacheka.

Nikajua ni damu inakataa.

Bwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akambeba.

"Mama, umesahau mzee wetu? Wekesa."

Huyo ni babake, marehemu. Mtoto akanyamaza nyamaa! (Labda alikuwa amechoka tu, sijui.)

Mama akapiga vigelegele: "Mume wangu amerudi!"

Nilitafuta macho ya bwanangu tufurahi pamoja. Akaangalia chini, akatoka nje na mtoto. Nikamsikia kwa dirisha:

"Baba, usilie tena. Hapa ni kwako."

Nikabaki naosha vikombe, machozi yanaanguka kwa maji.

Nani hapa ameshaongea na bwanake juu ya hii kitu? Ulianza na neno gani?